Mke wa Dobi Aliyedhaniwa Yuko Nje

Katika nyumba ya tatu kutoka kwenye bomba la mtaa, chumba cha mbele, alikaa dobi mmoja ambaye watu walimwita Mstari. Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwapo, ila lilibaki kwenye karatasi tu, na hata akiitwa kwa jina hilo hospitali alichelewa kuitika. Mstari walimwita kwa sababu ya suruali. Ukimpelekea suruali iliyolala kwenye kapu mwezi mzima, ilikurudia na mstari mbele ambao ukiupitishia kidole unaogopa kujikata.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na tisa, mwembamba, mpole, mwenye maneno machache na mawazo mengi. Wateja walizoea kumkuta amesimama mezani, pasi ya mkaa mkononi, macho yameshaondoka. Mkono unakwenda, mwenyewe hayupo. Wakimwita mara ya kwanza kimya, mara ya pili kimya, mara ya tatu ndipo anarudi, anatabasamu, anasema, "Karibu, karibu, nilikuwa hapa hapa."

Hakuwa hapo. Alikuwa kwa mkewe. Maana pasi ina njozi zake, na wanaoijua kazi hiyo wanajua. Ukinyunyiza maji kwenye pamba na kupitisha chuma cha moto, mvuke unapanda usoni, mweupe, laini, na kwa muda wa pumzi moja chumba chote kinapotea. Ndani ya mvuke ule ndimo alimomwona mkewe akivuka uani na kapu la nguo kiunoni, akipita katikati ya mashuka yaliyoanikwa. Anapita shuka la kwanza, la pili, la tatu, kama mtu apitaye milango ya nyumba kubwa isiyo na kuta, na kila akitaka kugeuka, mvuke unaisha. Basi Mstari hunyunyiza tena. Kuna mashati mtaani humo yaliyopigwa pasi mara mbili bila sababu nyingine yoyote.

Mkewe alikuwa mahabusu.

Kabla ya hapo alikuwa mtunza stoo wa zahanati kwa miaka kumi na mmoja. Siku moja walikuja wakaguzi, wakakuta maboksi ya dawa hayapo, mengi tu, na mlango haukuvunjwa. Funguo za stoo zilikuwa mbili. Mmoja alikuwa nao yeye, mwingine alikuwa nao mkubwa wake wa kazi. Mkubwa huyo aliandika maelezo polisi kwamba hajui lolote, halafu akahamishiwa kituo cha mbali, na tangu siku hiyo akawa ndiye shahidi wa kwanza wa mashtaka, na ndiye shahidi asiyefika. Hakimu aliyepokea kesi alisema kosa lina dhamana, ila waletwe watumishi wawili wa serikali wamdhamini, na hati ya nyumba juu yake. Mstari na mkewe walikuwa wapangaji wa vyumba viwili. Binti yao wa pekee ameolewa mbali na fundi seremala. Dobi alipiga hodi kwa kila mtumishi aliyewahi kumfulia, na kila mmoja alimpa chai na akampa pole, na hakuna aliyempa saini. Dhamana ikabaki kwenye jalada, mama wa watu akabaki ndani. Hakimu wa kwanza akahamishwa. Wa pili akaugua. Wa tatu, aliyepo sasa, ni mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini. Mwaka wa nne ulikuwa umeanza na hakuna shahidi hata mmoja aliyekula kiapo.

Sasa, mtu aliyefungiwa mpenzi wake hufanya lile analoliweza. Mwingine ana pesa, hutafuta wakili. Mwingine ana mdomo, hupiga kelele. Mstari alikuwa na pasi.

Mkewe alikuwa na magauni mawili ya kuendea mahakamani, moja la bluu na moja la kijivu, yote mawili yenye kola nyeupe. Siku mbili kabla ya kila tarehe ya kesi, Mstari alifua moja kwa sabuni ya kipande, akalisuuza maji matatu, akaitia kola wanga mwepesi, akaanika kivulini ili jua lisile rangi. Kisha akalipiga pasi taratibu, akianzia mshono wa ndani, huku midomo ikisali. Kila pindo na dua yake. Akimaliza hakulikunja. Alilitundika kwenye kitundikio, akalifunika kwa khanga safi, akatoka nalo kwa miguu mpaka gereza la wanawake, mwendo wa saa moja na nusu, amenyoosha mkono mbele kama amebeba mtoto aliyelala. Basi hakupanda, maana kwenye basi watu husukumana, na gauni lingefika limetafunwa. Alipita upande wa kivuli, akivuka barabara ili kuepuka vumbi la magari, na wenye maduka walinyamaza akipita, wengine wakavua kofia bila kujua kwa nini.

Siku yenyewe mkewe aliingia mahakamani kama mgeni wa heshima. Kizimba cha mahabusu kilijaa wanaume, wanawake hawakuwa na nafasi, kwa hiyo askari wa kike aliyemleta alimkalisha mwisho wa benchi la watu wote, naye akakaa karibu akipumzisha miguu. Pangaboi lilizunguka pole pole likikoroga joto. Sauti za mawakili zilifika kwa mbali kama watu wanaoongea ng'ambo ya mto. Mstari alikaa safu ya nyuma akiangalia kola ile nyeupe tu, na moyo wake ulitulia. Wanawake walinong'onezana, "Mwone mke wa dobi, utadhani anakwenda kuoza mtoto." Mchana, watu wamechoka, jina lake liliitwa. Alisimama.

"Nipo, mheshimiwa."

Hakimu aliinua macho, akamwona mama nadhifu amesimama kwenye benchi la watu, akayarudisha kwenye karatasi. "Shahidi hajafika. Walio nje wanaweza kusubiri. Miezi miwili."

Alikaa. Mahakamani mtu hujibu anachoulizwa, na yeye hakuulizwa kitu. Neno lile la walio nje lilipita juu ya vichwa vyao wote wawili kama ndege wa mbali. Walidhani wanaambiwa wengine.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, mpaka Jumamosi moja alasiri karani wa mahakama alipoleta koti lake jeusi.

Karani huyu alikuwa kijana wa miaka thelathini na kitu, mchangamfu, mpenda utani, mwenye kalamu tatu mfukoni hata siku ya mapumziko. Alikuwa mteja mgeni, amehamia mtaa wa jirani wiki ileile. Alimjua dobi kwa sura tu, kwa kumwona akikaa nyuma mahakamani, na kwa minong'ono ya benchi.

"Mzee Mstari, koti hili nalitaka Jumatatu asubuhi. Na mikono uiwekee ule mstari wako maarufu."

"Mkono wa koti hauwekwi mstari, baba. Mkono wa koti unaachwa uwe duara. Kila nguo ina sheria yake."

"Haya, wakili! Nilikuja kwa dobi, kumbe nimefika kwa wakili." Alicheka, akachungulia mlango wa ndani. "Na mama hajambo? Amekwenda sokoni?"

Mstari aliendelea kunyoosha shuka la nyumba ya wageni. Alidhani hakusikia vizuri. "Mama yupi?"

"Mama si mkeo? Yule mwenye kola nyeupe. Mimi nikimwona pale mahakamani nasema hee, kuna watu wanajua kuvaa. Kesi inamsumbua, lakini huwezi kujua. Nikasema leo nikija nitamsalimia."

"Unanitania, karani?"

"Nikutanie kwa lipi?"

"Mke wangu yuko mahabusu," Mstari alisema polepole. "Mwaka wa nne huu. Wewe si ndiye unayemwita jina?"

Karani alicheka kidogo, kicheko cha mtu anayengoja mwenzake naye acheke. Mwenzake hakucheka. "Lakini ana dhamana. Imeandikwa ndani ya jalada, nimeiona kwa macho yangu."

"Imeandikwa. Watumishi wawili na hati ya nyumba. Mimi nina kamba za kuanikia na mabeseni manne. Hajatoka hata siku moja."

"Hajatoka?"

"Hata siku moja."

Karani alitafuta pa kukaa, hakupaona, akakalia kapu la nguo chafu. Kalamu moja ilidondoka, hakuiokota. Alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. "Lakini anakuja amepigwa pasi," alisema. "Anakuja amepigwa pasi, mzee wangu!"

"Mimi ni dobi," akasema Mstari.

Ndipo karani akaeleza, huku akijifuta jasho kwa mkono wa shati. Ofisini kwao majalada hufungwa kamba za rangi. Nyekundu ni ya waliomo ndani, huitwa asubuhi na kupewa tarehe za karibu. Kijani ni ya walio nje kwa dhamana, huitwa mchana na kupewa tarehe za mbali, maana hao wanalala kwao na kula kwao. Alipopokea ofisi kutoka kwa karani aliyestaafu, alikuta kamba nyingi zimekatika, akafunga upya mwenyewe kwa kukumbuka nyuso.

"Waliomo ndani nawajua kwa nguo," alisema. "Zimekunjamana, zina harufu ya mlundikano. Yeye kila nikimwona yuko safi, amekaa benchi la watu. Nikafungua jalada, nikaona dhamana. Sikusoma ukurasa wa pili. Nikamfunga kamba ya kijani."

"Na zile hati za kumrudisha gerezani?"

"Zile zinasainiwa fungu zima kila baada ya siku kumi na nne. Hakuna anayezilinganisha na majalada."

"Lini ulimfunga hiyo kamba?"

Karani aliinamisha kichwa. "Miezi kumi na tisa sasa."

Chumba kikaanza kunuka. Pasi ilikuwa imesahauliwa juu ya shuka, na Mstari alipoinyanyua, alama yake ilibaki pale, ya kahawia, imechongoka kama jani. Katika miaka thelathini ya kazi hajawahi kuunguza kitu cha mtu. Aliitazama alama ile muda mrefu.

"Mzee," karani alisema kwa sauti ya chini, "Jumatatu nitabadilisha kamba, kimya kimya. Jumanne ndiyo tarehe yake, ataitwa asubuhi. Wewe fanya jambo moja. Asije amepigwa pasi. Aje amekunjamana, hakimu aone mwenyewe, asiulize maswali mengi. Maana akiuliza, mimi nitamwaga unga, na nina watoto."

Mstari aliinama sakafuni. Alimpa kalamu yake iliyoanguka, akamwambia koti litakuwa tayari.

Alfajiri ya Jumapili alipiga magoti kusali, maneno hayakuja. Kwa miezi kumi na tisa alikuwa akitembea barabara ile na gauni mkononi, akiamini anampelekea mkewe heshima, kumbe alikuwa akimpelekea kufuli. Mwisho alisema tu, "Mungu wangu, mimi nilidhani nampenda," akabaki pale mpaka mwanga ulipoingia chini ya mlango. Na katika kusinzia kidogo alipopiga magoti, aliota uani kumejaa mashuka meupe kuliko siku zote, na kila shuka alilolifunua lilikuwa na jingine nyuma yake, kavu, lililonyooka, na sauti ya mkewe inacheka mahali fulani katikati.

Siku ile ilikuwa ya kutembelea wafungwa. Alikwenda mikono mitupu. Mkewe alikuja upande wa pili wa wavu, mwanamke wa miaka hamsini na mbili, uso umekonda, macho yaleyale ya mtu anayehesabu maboksi. Askari wa kike alisimama pembeni yake kama kawaida.

"Gauni liko wapi, mzee wangu?" aliuliza hata kabla ya salamu. "Au leo umekuja likizo?"

Mstari alimweleza yote. Kamba ya kijani, kamba nyekundu, karani kukalia kapu. Alisema mpaka neno la mwisho, kwamba Jumanne aende amekunjamana. Akamaliza kwa kusema, "Nisamehe, mke wangu. Ni mikono hii."

Mkewe alimkazia macho. Halafu bega likatikisika, la pili likatikisika, akacheka. Alicheka mpaka akashika wavu, na wanawake waliokuwa wakizungumza na jamaa zao wakageuka.

"Kwa hiyo nimefungwa kwa sababu nimependeza!"

"Usicheke, jamani."

"Niache nicheke, ni muda mrefu. Wewe mzee, unataka mimi niende mbele ya watu kama nguo iliyotemwa na ng'ombe? Mimi? Mke wa Mstari?"

"Ili wakuone."

"Sikiliza." Kicheko kilikwisha, sauti ikashuka. "Unajua ninavyolala humu? Gauni likirudi kutoka mahakamani, kabla sijalitoa, naweka kola yake puani. Inanuka mkaa na wanga. Nikifumba macho niko mezani kwako, nakusikia ukipuliza pasi. Humu ndani mtu akizoea mikunjo ya nguo, anazoea na mikunjo mingine. Nimewaona. Kuna walioacha kuchana nywele, wakaacha kusali, wakaacha kuuliza tarehe. Mimi nimeuliza tarehe mpaka leo. Usiniombe radhi kwa kitu kilichonishikilia."

Mstari alishika wavu kwa vidole viwili, na mkewe akavigusa.

"Kama wamesahau kuwa niko ndani," aliendelea, "nitawakumbusha kwa mdomo. Wasichana wa msaada wa sheria walikuja mwezi uliopita, wakatuambia kesi ikicheleweshwa kupita kiasi bila kosa lako, unaruhusiwa kuiomba mahakama ikuachie kwa masharti unayoyaweza. Niliona aibu kuuliza zaidi. Nilidhani ni ya wenye mawakili."

Askari wa kike akakohoa. "Ipo hiyo, mama," alisema bila kuwatazama. "Lakini mpaka uombe. Ukikaa kimya wanadhani umeridhika. Mimi sijasema kitu."

"Hujasema kitu, afande," mkewe alijibu. Akamgeukia dobi. "Lete la kijivu. Na kola uitie wanga wa kutosha, safari hii isimame yenyewe."

Jumanne ilikuja na mawingu. Mwanga ndani ya mahakama ulikuwa wa maziwa, kila kitu kimelainika kingo zake, na Mstari, safu ya nyuma, hakuwa na hakika kama amelala au yu macho. Karani alikuwa mahali pake ndani ya koti jeusi, mikono yake duara. Hakutazama nyuma hata mara moja.

Jina liliitwa asubuhi, la nne. Mkewe alisimama pale pale mwisho wa benchi. Hakimu alishika jalada, akaitazama kamba nyekundu, akamtazama aliyesimama.

"Karani, hili limefikaje kwenye fungu hili? Huyu si wa nje?"

Karani alivuta daftari lake karibu.

"Mheshimiwa, naomba kusema," mkewe Mstari alisema.

"Sema."

"Mimi si wa nje. Nimetoka gerezani asubuhi hii, na nikimaliza hapa narudishwa gerezani. Ni miaka mitatu na miezi mitano. Ninapendeza kwa sababu mume wangu ni dobi, lakini silali kwangu." Kola ilikuwa imesimama, na shingo ndani yake imesimama. "Shahidi hajaja hata siku moja. Sijaomba kesi isogezwe hata siku moja. Naomba mahakama yako initoe kwa masharti ninayoyaweza, nisubiri kesi nikitokea nyumbani. Nitakuja kila nitakapoitwa. Mimi sijawahi kukosa."

Hakimu alimtazama askari wa kike, naye akaitikia kwa kichwa. Hakimu akafungua jalada, akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akaendelea kufunua. Ilichukua muda. Mstari alihesabu kurasa kwa sauti zake, kama mtu anayesikiliza nguo zikipigwa na upepo kwenye kamba.

Kisha karani akainuka. "Mheshimiwa, kosa ni langu," alisema. "Nilimfunga kamba ya walio nje. Nilimwangalia nguo, sikusoma ukurasa wa pili. Wewe ulikuwa ukisoma kamba yangu."

Watu waliguna. Hakimu hakupandisha sauti. "Tutazungumza ofisini kwangu. Nitaandika kwamba umekosea, na nitaandika kwamba umesimama mwenyewe ukasema. Kaa."

Mwendesha mashtaka alisimama kwa haraka. "Mheshimiwa, tunapinga. Mshtakiwa akitoka anaweza kuwaingilia mashahidi."

"Mashahidi gani?"

"Shahidi wetu wa kwanza, mheshimiwa."

"Yuko wapi?"

"Tunaendelea kumtafuta, mheshimiwa."

"Basi mshtakiwa akimwona kabla yenu, atusaidie kutuarifu."

Benchi zima lilicheka, na hata mwendesha mashtaka akainamia karatasi zake kuficha meno. Hakimu alingoja wanyamaze. "Nimehesabu," alisema. "Kesi hii imeahirishwa mara thelathini na moja. Mara kumi na nane kwa shahidi, nyingine kwa sisi mahakimu kuhama na kuugua, na nyingine sababu haikuandikwa. Hakuna hata moja iliyoombwa na huyu mama. Mtu hafungwi kwa kungojeshwa. Kesi ikichelewa kupita kiasi, na mchelewaji si mshtakiwa, anastahili kuachiwa kwa masharti anayoyaweza yeye. Yale ya mwanzo yalimzidi, nayafuta. Atasaini hati yake mwenyewe, na awe na mdhamini mmoja mwenye makazi yanayojulikana. Ataripoti hapa Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi. Na kesi itaanza kusikilizwa ndani ya siku thelathini, shahidi awepo asiwepo. Mdhamini yupo?"

Mstari hakujua kama amesimama. Aliona watu wanageuka, akajua amesimama.

"Wewe ni nani kwake?"

"Mimi ndiye dobi, mheshimiwa." Vicheko. "Ndiye mume wake."

"Barua ya ofisi ya mtaa unayo?"

Alikuwa nayo. Alikuwa akiichukua upya kila mwaka, akiileta kila tarehe, hajawahi kuombwa. Askari alimpelekea hakimu, naye akaisoma mpaka mhuri.

"Unaelewa maana ya kumdhamini? Akitoroka je?"

Mstari alifikiri kweli kweli, hata watu wakadhani amepotelea tena kule kwake. "Akitoroka," alisema mwisho, "nipeleke mimi nikakae alipokuwa. Njia naijua."

"Saini," hakimu akasema.

Alisaini kwa mkono uliozoea chuma kizito, kalamu ikawa nyepesi mno, nusura itoboe karatasi. Chini ya jina lake mkewe naye akatia saini yake. Askari wa kike alimshika mama yule begani, akampa mfuko mdogo wa vitu vyake, akasema, "Nenda, mama, kabla sijalia kazini."

Walirudi kwa miguu. Mkewe alisema basi hataki, anataka barabara. Walipita upande ule ule wa kivuli, na Mstari, kwa mazoea, alitembea amenyoosha mkono mbele mpaka mkewe alipoushika akaushusha. Hawakuzungumza sana. Alitaja vitu alivyoviona, mlango uliopakwa rangi nyingine, mti uliokatwa, duka la vitambaa ambalo sasa linauza simu. Mara mbili alisimama katikati ya njia bila sababu, akavuta pumzi, akaendelea. Mstari alimpigia simu binti yao, wakapeana simu, wakalia wote watatu kidogo, kila mmoja akimbembeleza mwenzake.

Nyumbani Mstari alianua nguo, akawasha makaa, na mkewe akakaa kitako juu ya rundo la mashuka, ili tu avue viatu. Kimoja alikivua. Kabla ya cha pili alikuwa amelala, gauni la kijivu limejikunja chini yake kila upande, kola imelegea, mdomo wazi kidogo. Mstari aliinama akamvua kiatu kilichobaki. Kisha alivuta pasi mbali na meza, akafunika makaa kwa jivu, akakaa kwenye kizingiti.

Yale mashuka yalikuwa ya nyumba ya wageni, yalitakiwa saa kumi. Chini yake kulikuwa na mashati ya mwalimu, nayo yalitakiwa saa kumi. Katika miaka thelathini dobi huyu hajawahi kuivusha saa aliyoiahidi. Mvuke haukuwapo, lakini chumba kilikuwa cheupe vilevile, na pumzi za mkewe ziliingia na kutoka, na hapo ndani palikuwa na mtu kweli.

Saa kumi mwalimu alifika na baiskeli yake. Alikuwa mtu wa sauti ya darasani. "Mstari! Mashati yangu yako wapi? Kesho nina ukaguzi wa shule!"

Mstari aliweka kidole mdomoni. Mwalimu alinyoosha shingo, akaona rundo la mashuka, akaona miguu miwili mikavu isiyo na viatu, akaelewa kidogo kidogo ni miguu ya nani.

"Ametoka?" alinong'ona.

"Kwa dhamana. Kesi bado ipo."

Mwalimu aliiegemeza baiskeli ukutani taratibu isilie. Alivua kofia, akainama sikioni mwa dobi.

"Sasa mashati nije saa ngapi?"

"Akiamka," Mstari alisema.